Niliuliza, Sikuomba

Mimi ni karani wa mahakama mjini Migori. Nakaa chini kidogo ya meza ya hakimu, naita kesi, naapisha mashahidi, na sehemu kubwa ya siku natafsiri: Kiingereza kwenda Kijaluo, Kijaluo kwenda Kiingereza, na Kiswahili kwa yeyote anayebaki katikati. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na mmoja. Kwa muda huo wote sikuwahi hata siku moja kulifikiria neno “asked”. Polisi waliuliza, shahidi aliulizwa, jirani aliuliza. Lilipita mdomoni mwangu mara nyingi kwa siku na sikulitazama, kama mtu asivyoutazama mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Lilianza kunisumbua tulipoletewa hakimu mpya. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mpole, mwenye kuongea Kiingereza cha haraka kinachotoka puani kidogo. Wiki yake ya kwanza, shahidi mmoja akiwa kizimbani, hakimu alisema sentensi ambayo ndani yake nilisikia neno “last”. Nikamgeukia shahidi nikamwambia kwa Kijaluo kwamba Mheshimiwa anataka kujua habari za mara ya mwisho.

“Mara ya mwisho ya nini?” shahidi akashangaa.

Wakili mmoja akainua kichwa. Hakimu akaweka kalamu chini.

“Karani, sikusema hivyo. Nimesema asked.”

Ila yeye hakulitamka kama mimi. Kwake lilikuwa kitu kifupi, “aast” hivi, kilichokwisha kabla sijakishika. Nikasema, “Samahani, Mheshimiwa. As-ked,” silabi mbili nzima nzima, k yake ikisikika na ed yake ikisikika, vile nilivyofundishwa nikiwa darasa la tano. Akatabasamu kidogo. Halikuwa tabasamu la dharau, nakiri hivyo, lakini masikio yaliniwaka moto.

Saa ya chakula nilijifungia masjala, katikati ya rafu za mafaili, nikalijaribu. Aast. Askt. Aksd. Ulimi ulikuwa ukifika kwenye s, ukipanda kwenye k, halafu ukitakiwa kuruka hadi t bila kupumzika popote. Lugha zetu hazifanyi hivyo. Kijaluo kinakupa irabu ya kukanyaga, Kiswahili nacho kinakupa, unatembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Neno hili mawe yake yameondolewa. Mwenzangu wa masjala aliingia kutafuta faili akanikuta nikitoa sauti za ajabu, akaniuliza kama nimepaliwa na samaki.

Nilicheka naye. Nilidhani mambo yangeishia hapo, kwenye matamshi.

Baada ya mwezi hivi ikasikilizwa kesi ya mchanga kutoka Masara.

Huko Masara watu wanachimba dhahabu kwa mikono. Mawe yakitolewa shimoni husagwa kwa mashine, unga wake ukaoshwa kwa maji, na chembe zikashikwa. Mchanga unaobaki hutupwa kando, lakini si uchafu. Ndani yake bado kuna dhahabu kidogo ambayo mtu mwenye subira anaweza kuitoa akiuosha tena. Kina mama wengi huishi kwa kazi hiyo.

Mshtakiwa alikuwa mmoja wa kina mama hao. Nilimkadiria miaka arobaini, mwembamba, viganja vimebabuka kwa maji. Alishtakiwa kwa kuiba magunia manne ya mchanga. Mlalamikaji alikuwa mjane mwenye umri mkubwa kuliko wake, aliyevaa kitambaa cheupe kichwani na viatu vilivyopakwa rangi vizuri. Shamba lilikuwa la marehemu mume wake. Mashine ya kusaga ilikuwa imesimama kwenye shamba hilo kwa miaka kadhaa, kisha mwenye mashine akahama, akaacha rundo la mchanga nyuma. Mshtakiwa, ambaye alikuwa akiosha kwenye mashine ile ile, alidai kwamba yule mwenye mashine aliwaambia waoshaji wote: huu mchanga achukue anayetaka. Mjane alidai kwamba kilichoachwa shambani kwake ni chake. Mwenye mashine mwenyewe hakupatikana.

Mjane alishatoa ushahidi wake siku iliyotangulia. Sasa ilikuwa zamu ya konstebo aliyechunguza kesi, kijana kutoka pwani ambaye bado hakuwa ameizoea baridi yetu ya asubuhi. Aliyasoma maelezo ambayo mshtakiwa aliyatoa kituoni, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, na mimi nikawa nayatia katika Kijaluo ili mshtakiwa asikie. Konstebo akafika kwenye mstari uliosema kwamba kabla ya kuchukua mchanga mshtakiwa alikwenda nyumbani kwa mlalamikaji, “and I asked her, and she did not refuse.”

Nikasema: “Ne akwaye.” Nilimwomba. “Naye hakukataa.”

Mshtakiwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamisha macho, akashika mbao za kizimba kwa mikono miwili.

“Ooyo!” akasema. Hapana. “Mimi sikuomba. Niliuliza!”

“Nyamaza, mama, utapewa nafasi yako,” mwendesha mashtaka akamwambia kwa Kiswahili.

“Nafasi ya nini, na huyu ameshasema niliomba? Niombe kitu changu mwenyewe?”

Hakimu akainua mkono. “Karani, kuna nini?”

Nikasimama. “Mheshimiwa, anasema hakuomba. Anasema aliuliza.”

“Na maelezo yanasema nini?”

“Yanasema asked, Mheshimiwa.”

“Sasa tofauti iko wapi?”

Nilifungua mdomo nikaona sina la kusema kwa Kiingereza. Kijaluo kina penjo na kina kwayo. Kiswahili kina kuuliza na kina kuomba. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuyachanganya. Lakini Kiingereza kilikuwa kimeyamimina yote mawili kwenye chupa moja, na mimi, nilipoimimina tena, nilikuwa nimechagua mwenyewe nitoe lipi. Nikamweleza hakimu kwa Kiswahili, ambacho alikifahamu vizuri sana: maelezo yanaweza kuwa na maana kwamba mshtakiwa alimwomba mlalamikaji ampe mchanga, au kwamba alimuuliza jambo fulani kuhusu mchanga. Mimi nimetumia lile la kuomba.

Kila mtu alikuwa akiliona lile lile. Ukimwomba mtu kitu, umekubali kuwa ni chake. Ukimuuliza, hujakubali chochote.

“Mwambie aseme alimuuliza nini,” hakimu akaagiza.

Nikamuuliza mshtakiwa. Akajibu polepole, akihakikisha nasikia kila neno. “Nilimkuta akianika mtama. Nikamsalimia. Nikamuuliza, mama, ule mchanga sasa ni wa nani? Akaniambia, si unauona mwenyewe. Nikaondoka. Kesho yake nikaenda na magunia.”

Hakimu akamgeukia konstebo. “Afisa, alikupa maelezo haya kwa lugha gani?”

“Kiswahili, Mheshimiwa.”

“Unakumbuka alitumia neno gani?”

Kijana wa watu akafikiri. Ninamheshimu mpaka leo kwa vile alivyofikiri, maana angeweza kusema lolote. “Mheshimiwa, nadhani alisema, nilikwenda nikamuulizia ule mchanga.”

“Kuulizia,” hakimu akasema.

“Ndiyo. Kwetu pwani mtu akiulizia kitu, anatafuta habari zake. Lakini tangu nije huku nasikia watu wanaingia dukani wanasema wamekuja kuulizia unga, na wanataka kuuziwa. Sikujua ni kuulizia kupi. Nikaandika asked. Nilijua itatosha zote.”

Watu wakacheka, hata mwendesha mashtaka. Hakimu hakucheka. Nilimwona akiandika neno, akalikata, akaandika lingine, akalitazama. Kisha akasema konstebo amalize ushahidi, na kwamba tarehe itakayofuata mlalamikaji aitwe tena kizimbani. Kesi ikaahirishwa kwa wiki mbili.

Wiki mbili hizo sikuwa na raha. Neno lilikuwa limenigeukia. Kila nilipotafsiri nilikuwa nalisikia likija kwa mbali. Zaidi ya hapo, nilianza kuwaza yaliyopita. Nilikumbuka kesi moja ya zamani ya watu wawili waliopigana shambani. Mmoja alikuwa amepita katikati ya mahindi ya mwenzake, na kwenye maelezo iliandikwa kwamba “he asked the way”. Je, nilisema aliuliza njia, kama mgeni aliyepotea, au nilisema aliomba njia, kama jirani anayetaka kupitishwa? Sikukumbuka. Yule mtu alifungwa au aliachiliwa? Sikukumbuka hata hilo. Nilijiuliza ni mara ngapi nimewatia watu maneno vinywani nao hawakuwa na sauti ya kukatalia kama yule mama wa Masara.

Jumapili ya katikati, baada ya misa, nikaenda Homa Bay.

Kuna mwalimu wangu anayekaa huko, kwa binti yake, si mbali na soko. Ndiye aliyenifundisha Kiingereza darasa la tano katika shule yetu ya kijijini, na ndiye aliyeniweka ile as-ked mdomoni. Amestaafu zamani, lakini hajawa kikongwe wa kukaa kimya. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimenya njugu, karai katikati ya miguu, simu yake ikiimba nyimbo za kanisa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakunisalimia kwanza. Aliniambia, “Kaa hapo, chukua mkono mmoja wa kazi.” Kwa hiyo tulizungumza tukimenya.

Nikamwambia nimekuja na malalamiko.

“Sema.”

“Mwalimu, ulitufundisha as-ked. Watu wanasema aast. Nimeaibika mahakamani.”

Akaacha kumenya. Nilitegemea atasema ndivyo alivyofundishwa na yeye, au atalaumu wazungu. Badala yake akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso.

“Nilikuwa najua,” akasema.

“Ulikuwa unajua?”

“Wee! Unafikiri chuoni hawakutuambia? Mkufunzi wetu alitusimamisha mmoja mmoja kwa neno hilo. Nilijua kabisa. Nilipokuja kwenu nikalifundisha vile linavyosemwa. Mkaandika nini? Mmoja ameandika a-s-t. Mwingine a-k-s. Kuna mmoja aliandika a-s-s-t-e, mpaka leo sijui alitoa wapi hiyo e. Mtihani ulikuwa wa kuandika, si wa kusema. Mtihani haukuwa na masikio. Nikasema, basi, hawa watoto nitawapa neno wanaloweza kuliona. As-ked! Mkaimba as-ked, wal-ked, was-hed, na mkaandika sawasawa, wote. Mkaguzi alikuja siku moja akawasikia, akanivuta nje, akaniambia, mwalimu, hiki ni nini? Nikamwambia, ingia uone madaftari. Aliingia. Alipotoka hakusema kitu tena.”

“Lakini ukatuacha nayo.”

“Nilidhani mbele huko mtakutana na mtu wa kuwasahihisha.” Akanitazama juu ya miwani. “Sasa umekutana naye. Umechelewa kidogo tu.”

Sikujua nikasirike au nimshukuru. Nilikuwa nimefaulu kwa madaftari yale. Bila hayo pengine nisingekaa chini ya meza ya hakimu yeyote. Miaka yote nilidhani nilipewa kitu kibovu na mtu asiyejua. Kumbe alijua, akapima, akachagua.

Akachukua simu, akazima nyimbo, akalitafuta neno kwenye kamusi inayosema. Sauti ya mwanamume ikatamka: aast. Akaigonga tena. Aast.

“K ameificha wapi huyu?” mwalimu akauliza, kama mtu aliyeibiwa.

Akabonyeza kitufe kingine, sauti ya mwanamke ikatamka kwa namna nyingine, a yake nyembamba, na safari hii k ilisikika kwa mbali kama mtu aliyekohoa chumba cha pili. Tulijaribu wote wawili, njugu zimeachwa. Mwalimu alikuwa na pengo mbele na t yake ilikuwa ikitoroka. Mimi nilikuwa nikipata moja kati ya tatu. Binti yake alitutazama kutoka jikoni akarudi ndani.

Tulipochoka nikamsimulia kesi ya mchanga. Nilimsimulia kama kichekesho, jinsi Kiingereza kilivyotuchanganya sote. Mwalimu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamenya njugu kama tano hivi, kisha akauliza:

“Na wewe ulichagua kwayo kwa nini?”

“Neno lina maana mbili, Mwalimu. Nilichukua moja.”

“Hilo nimesikia. Nauliza, kwa nini hiyo?”

Nikamwambia sijui. Akanyamaza. Alikuwa akinyamaza vile darasani, na mtu alikuwa akitafuta jibu mpaka alipate. Nikajiona niko ukumbini tena: mama mwenye viganja vilivyobabuka upande huu, mama mwenye viatu vilivyopakwa rangi upande ule, na shamba la marehemu. Konstebo aliposoma “asked”, sikutafuta maana. Niliwatazama tu hao wawili, nikajua ni nani kati yao anayefaa kumwomba mwenzake.

“Kwa sababu alionekana kama mtu wa kuomba,” nikasema.

“Eeh,” mwalimu akasema, akanisogezea karai. Tulimaliza njugu zile, binti yake akaleta chai na samaki, na nikarudi Migori jioni ile ile nikiwa na mfuko wa njugu nilizofungiwa kwa lazima.

Siku ya kesi nilifika mapema. Kabla ya hakimu kuingia nilimwendea mshtakiwa kwenye benchi. Hairuhusiwi kuzungumza naye habari za kesi, na sikuzungumza. Nilimwambia tu, “Mama, siku ile nilikosea kukutafsiri. Nisamehe.” Alinitazama kwa muda, kama anayepima kama kuna mtego, halafu akasema, “Hata mimi nilipiga kelele. Haya.” Tukaishia hapo.

Mjane akaitwa kizimbani tena, akakumbushwa kiapo chake. Hakimu aliongea Kiswahili moja kwa moja ili kusiwe na la kupotea njiani, lakini mjane akasema anajisikia huru zaidi kwa Kijaluo, kwa hiyo nikabaki kazini.

“Siku mshtakiwa alipokuja nyumbani kwako,” hakimu akasema, “alikuomba mchanga, au alikuuliza kuhusu mchanga?”

Nilitafsiri nikiyaweka maneno yote mawili mbele yake, moja hapa, moja pale, na nafasi katikati.

Mjane hakusita hata kidogo. “Aliniuliza.”

Mwendesha mashtaka akageuka kumtazama shahidi wake.

“Una hakika hakukuomba?”

“Mheshimiwa, ndicho kilichonileta hapa!” Mjane alikuwa ameinua sauti, na mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cha kichwani. “Huyu nimemjua miaka mingi. Amechota maji kisimani kwangu. Mume wangu alipokufa alikuja akalia na mimi. Leo anakuja nyumbani kwangu, anasimama hapo kwenye mtama wangu, ananiuliza, huu mchanga ni wa nani? Ananiuliza! Mimi! Kwenye shamba langu! Angeniomba ningempa siku hiyo hiyo. Ningempa na mtu wa kumbebea. Lakini hakuniomba.”

Nilitafsiri yote hayo kwa Kiingereza cha kumbukumbu za mahakama, na nilipofika kwenye kuuliza na kuomba niliacha “asked” pembeni kabisa. Nilisema “inquired” kwa moja na “begged” kwa lingine. Sikujali kama yalitoka kwa lafudhi gani. Hakimu alikuwa akiandika na kuitikia kwa kichwa.

Nikamtazama mshtakiwa. Alikuwa amemkodolea macho mjane kama anamwona mara ya kwanza. Halafu, bila kuruhusiwa, akasema kwa sauti ndogo, “Na mimi nilijua ukisema ni wako, nitauacha. Nilitaka tu useme. Hukusema.”

“Sikusema kwa sababu hukutakiwa kuuliza.”

“Ningejuaje?”

“Tafadhali,” hakimu akasema, lakini hakusema kwa ukali, na akawaacha kidogo kabla ya kugonga meza.

Mwendesha mashtaka aliomba muda wa dakika chache. Walikwenda kando yeye na konstebo na mjane, chini ya paa la veranda, na niliwaona kupitia dirishani mjane akitikisa kichwa, kisha akitikisa tena, kisha akikubali. Waliporudi, mashtaka yakaondolewa. Hakimu alieleza kwamba swali la mchanga ni wa nani halikuwa mbele yake, kwamba wanaweza kulipeleka kwa wazee wa eneo au kulimaliza wenyewe, na kwamba mshtakiwa yuko huru kwenda.

Ingekuwa vizuri kama ningesema waligawana mchanga. Mambo hayakwenda hivyo. Miezi michache baadaye yule mwoshaji alikuja masjala kufuata karatasi zake za dhamana, nikamuuliza yaliyotokea. Alisema walipofika nyumbani siku ile walikuta rundo halipo. Wakati wao wawili wakipanda gari kuja mahakamani na kurudi, watu wengine walikuwa wamekuja na sepetu na magunia, hawakuuliza, hawakuomba, wakasomba mpaka udongo wa chini ukaonekana.

“Mkafanya nini?”

“Tulisimama tukatazama. Mama yule akasema, unaona sasa. Nikamwambia naona. Akaniambia njoo unywe uji.” Akachukua karatasi zake, akazikunja mara nne. “Uji wake hauna sukari ya kutosha, lakini naendaga.”

Hakimu yule bado yuko nasi. Siku moja tukiwa tunafunga mafaili aliniambia kwamba tangu kesi ile amepata shida ya kuandika. Kila akifika kwenye neno lile kalamu inasimama. Alitaka kujua kama kuna maneno mengine ya aina hiyo, ambayo Kiingereza kinayabana na sisi tunayafungua. Nikamwambia “brother” peke yake linaweza kutumaliza wiki nzima. Akavuta kiti. Tulikaa tukiyataja, yeye akiandika nyuma ya karatasi ya orodha ya kesi: “uncle”, “cousin”, “you”, “know”. Tulipofika kwenye “wear” tukaanza kubishana, kwa sababu mimi nilisema kuvaa na kujifunga na kujitanda si kitu kimoja, na yeye, aliyekulia mjini, hakuwa amewahi kusikia mtu akisema kujitanda. Akaniuliza linatamkwaje. Nikamwambia. Akalirudia mara tatu.

Siku hizi, shahidi akisimama na maelezo yakafika kwenye “asked”, naomba ruhusa nisimamishe kidogo. Namgeukia mwenye maneno yake, namuuliza: uliuliza, au uliomba? Wengi hujibu papo hapo. Wachache huangalia dari wakifikiri, na nimegundua kwamba hao wachache ndio ninaopenda kuwasubiri. Mzee mmoja wa Macalder juzi alifikiri kwa muda mrefu sana, ukumbi mzima ukimngoja, kisha akasema kwamba alianza kwa kuuliza, lakini katikati ya sentensi akaona mke wa yule aliyekuwa akimuuliza anamjia na jembe, ndipo ikawa kuomba.